Mwanangu na chuo cha puma

"Mwalimu, pokea salamu kutoka Kapsabet. Mimi ni mama wa watoto watatu. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 19, alimaliza kidato cha nne mwaka jana akapata B, na mita 5,000 anazikimbia vizuri. Kocha wake anasema akijipanga anaweza kupata ufadhili Washington State University, Marekani. Tangu siku hiyo nyumbani hakuna amani. Baba yake anasema chuo kinachojulikana kwa mpira na kichwa cha simba kwenye fulana si chuo cha kusoma. Shemeji anasema aende tu, Washington ni kwa Rais, na ana binamu Maryland atakayemwangalia. Mpwa wangu aliye Minnesota anasema vyuo vyenye neno 'State' ni vya daraja la pili. Na baba mkwe, anayemkumbuka Henry Rono, mkimbiaji aliyepita chuo hichohicho, tangu akiwa kijana, alisema neno moja akanyamaza: 'Walichukua miguu yake wakamwacha.' Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Hiki ni chuo cha namna gani? Kwa nini chuo kimlipie mtu karo kwa sababu anajua kukimbia? Mdogo wake wa kike naye ameanza kushinda mbio za shule, kwa hiyo najua swali hili litarudi nyumbani kwangu. Na baridi ya huko, ni kweli wanavyosema?"

Mama, pole kwa usiku huo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona kila mtu nyumbani kwako ameshika kipande cha ukweli, isipokuwa shemeji, ambaye hakushika chochote. Basi tumalizane naye kwanza.

Washington yenye Ikulu ni mji ulio upande wa mashariki wa Marekani, jirani na Maryland. Washington yenye chuo hiki ni jimbo, upande wa magharibi kabisa, linalopakana na Kanada na bahari ya Pasifiki. Kati ya hizo mbili kuna zaidi ya kilomita 3,000. Binamu wa Maryland kumwangalia kijana wako ni kama mtu wa Nairobi kuambiwa amwangalie mtoto aliye Johannesburg. Tena chuo chenyewe hakiko Seattle, mji mkubwa wa jimbo hilo. Kiko Pullman, mji mdogo wa mashariki karibu na mpaka wa Idaho, safari ya kama kilomita 450 kutoka Seattle kwa barabara. Ukisimama kilimani Pullman mwezi wa Juni unaona ngano, nyuma ya ngano kuna ngano, na vilima vimejikunja kama blanketi lisilotandikwa. Mtu wa Uasin Gishu angedhani hajatoka nyumbani, ila mji uko mita 700 na kitu tu juu ya usawa wa bahari. Kijana wako atashuka, hatapanda.

Mpwa wako wa Minnesota ana hoja kidogo. "State" hapo maana yake ni jimbo. Jimbo la Washington lina vyuo vikuu viwili vikubwa vya umma, na watu huvichanganya. University of Washington kiko Seattle, kilianzishwa mwaka 1861, na kwenye orodha nyingi za vyuo kinawekwa juu zaidi na kuingia kwake ni kugumu zaidi. Hapo mpwa yuko sawa. Washington State kilianzishwa na bunge la jimbo mwaka 1890 kwa kazi tofauti kabisa, na ukiijua kazi hiyo utaelewa mengine yote, hata ile fulana inayomuudhi mume wako.

Mwaka 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Lincoln alitia saini sheria iliyompa kila jimbo ardhi ya serikali kuu, ekari 30,000 kwa kila mbunge na seneta aliyenaye huko makao makuu. Jimbo liuze au likodishe ardhi hiyo, na fedha zijenge chuo cha kufundisha kilimo na ufundi, ili mtoto wa mkulima naye asome chuo kikuu. Wazo zuri, lakini ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe: Wapalouse, Wanez Perce na mataifa mengine ya wenyeji. Watu wa Nandi hawahitaji mimi niwaeleze ardhi iliyochukuliwa maana yake nini.

Chuo cha Pullman ni mtoto wa sheria hiyo. Masomo yalianza Januari 1892, wanafunzi 59, chini ya jina refu la chuo cha kilimo na shule ya sayansi. Kikabadilishwa jina mwaka 1905, na jina la sasa kilipata mwaka 1959. Kwa hiyo "daraja la pili" si kipimo sahihi. Ni chuo kilichozaliwa shambani. Hapo ndipo Orville Vogel, mtafiti wa wizara ya kilimo aliyefanya kazi chuoni hapo, alipozalisha ngano fupi isiyoanguka ikibeba masuke mazito. Mbegu zake alimgawia Norman Borlaug, mtafiti mwenzake wa ngano kule Mexico, na ngano za namna hiyo zikaja kulisha watu wengi wa Asia. Wana shule ya udaktari wa mifugo ya tangu 1899. Watafiti wao wamekuwa Tanzania miaka mingi wakichanja mbwa wa vijiji vinavyozunguka Serengeti dhidi ya kichaa cha mbwa. Ukitaka kumjibu mume wako kwa sentensi moja, mwambie hivyo: chuo cha mpira hakiendi Serengeti kuchanja mbwa.

Sasa tuje kwake, maana swali lake ndilo zito. Kwa nini chuo cha watu wazima kihangaike na mpira namna hii?

Mfikirie mkuu wa chuo hicho mwaka 1900. Uko katikati ya mashamba. Bunge linalokupa fedha liko mbali, upande wa pili wa milima. Mahasimu wako wa Seattle wako mjini, karibu na magazeti na matajiri, na kila mwaka kuna mwanasiasa anayeuliza kwa nini jimbo moja lilishe vyuo viwili. Unawafanyaje wakulima wakuone wewe ni wao? Ufugaji bora utasaidia, maafisa ugani watasaidia. Lakini siku timu yako ikimshinda yule wa Seattle, hata mkulima ambaye hana mtoto chuoni ataamka kesho yake akiwa wako. Michezo ndiyo iliyofanya kazi ambayo barua mia za mkuu wa chuo zisingeifanya. Mpaka leo, mji wa Pullman una watu kama 33,000, na uwanja wake wa mpira wa Kimarekani una viti kama 33,000. Siku ya mechi magari hutoka pande zote za jimbo. (Nasema mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Kandanda yetu kule ina nafasi yake, ila si hiyo.)

Mila zao nyingi zilizaliwa kwa bahati tu, na ndiyo maana nazipenda. Rangi za kwanza za chuo zilikuwa waridi na buluu. Ebu wafikirie vijana wa shamba wakiingia uwanjani na waridi! Mwaka 1900 wakahamia rangi za sasa, damu ya mzee na kijivu. Yule "simba" wa mume wako ni puma, paka mkubwa wa Amerika asiye na manyoya shingoni. Jina walilipata mwaka 1919, baada ya timu kwenda kucheza California na kupigana kama wanyama hao. Mwaka 1927 gavana akawapa puma hai, wakamwita Butch kwa jina la utani la mchezaji wao mmoja, na baada yake wakafuga wengine mpaka wa sita alipokufa mwaka 1978. Chuo hakikuleta mwingine. Sasa ni mwanafunzi ndani ya vazi la manyoya, na nadhani puma wote wa dunia wanashukuru.

Mechi kubwa ya mwaka ni dhidi ya Seattle. Walikutana mara ya kwanza mwaka 1900 wakatoka sare 5–5, na tangu 1962 wanashindania kombe la Tufaha, kwa kuwa jimbo hilo ndilo linaloongoza Marekani kwa matufaha. Ukikutana na mzee wa Pullman, usimuulize habari ya mataji, muulize mechi ya theluji ya 1992. Walishinda 42–23 huku mistari ya uwanja haionekani, na mchezaji mmoja akadaka mpira akizama ndani ya rundo la theluji. Atakusimulia mpaka chai ipoe.

Lakini mila ninayoipenda kuliko zote imekwisha kufa. Kilomita 13 hivi mashariki, ng'ambo ya mpaka wa Idaho, kuna mji unaoitwa Moscow wenye chuo cha jimbo hilo, nacho ni mtoto wa sheria ileile ya 1862. Kuanzia mwaka 1938 kwa miaka thelathini, vyuo hivi viwili vilipocheza, wanafunzi wa chuo kilichoshindwa walitembea kwa miguu mpaka kwa washindi. Watu wa Pullman walikuwa wamezoea kushinda. Mwaka 1954 Idaho ikawabwaga, mara ya kwanza kwa miaka 29, na wanafunzi kama 2,000 wakashika barabara ya Moscow. Habari ile ilifika magazeti ya nchi nzima. Hapakuwa na mtu aliyelipwa kutembea wala televisheni iliyonunua haki. Walikuwa ni majirani wakitimiza neno lao.

Mara yangu ya kwanza Pullman, mwenyeji wangu alinitengea jibini kutoka kwenye mkebe wa bati, wa duara, kama ule wa maziwa ya unga. Akaukata kwa kifungua kopo, akapindua, likatoka gurudumu zima la rangi ya siagi, likiwa na chembechembe zinazovunjika chini ya jino. Jibini hilo hutengenezwa chuoni kwenyewe, na wanafunzi hufanya kazi katika kiwanda chake. Siri ya kulihifadhi ndani ya bati bila bati kufura waliitafuta miaka ya 1940, kwa fedha za serikali na za kampuni ya kutengeneza mikebe. Na jina lake? Limebeba la puma. Hapo ndipo nilipoelewa: chuo hiki hakitenganishi ng'ombe, maabara na uwanja. Vyote ni familia moja.

Ulichouliza hasa, Mama, ni kwa nini wamlipie mtu karo kwa miguu. Utaratibu ni huu. Vyuo hujiunga katika ligi, na ligi huuza haki za kuonyesha mechi za mpira wa Kimarekani kwa televisheni. Fedha hizo, pamoja na viingilio na michango ya waliosoma hapo, ndizo zinazolisha michezo isiyoingiza kitu: kuogelea, makasia, riadha. Kocha wa riadha hupewa fungu dogo na kuambiwa alete pointi. Kwa miaka mingi kanuni zilimruhusu kocha wa wanaume ufadhili 12.6 tu, kwa timu nzima ya riadha na mbio za nyika pamoja. Sikosei, ni kumi na mbili na nukta sita. Kocha huukata vipande, huyu nusu, yule robo. Kwa hiyo sikia neno "ufadhili" kwa tahadhari: huenda ni karo yote na chakula na chumba, huenda ni theluthi ya karo. Na mgeni wa jimbo hutozwa karo zaidi ya mara mbili ya mwenyeji, kwa hiyo robo ya msaada bado ni deni kubwa mgongoni mwa mzazi.

Kocha mwenye fungu dogo atamtafuta mtu mmoja atakayekimbia mbio mbili na kuleta pointi za wanne. Ndipo habari yetu inapoingia. Miaka ya 1970, kocha John Chaplin wa Pullman aliwaleta Wakenya: John Ngeno, Joshua Kimeto, Samson Kimobwa, Henry Rono. Mwaka 1977 timu yao ya wanaume ikatwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani wa riadha ya ndani ya ukumbi. Mpira wao wa Kimarekani, pamoja na kelele zake zote, haujawahi kuleta kombe la taifa kwa njia hiyo. Mwezi Juni mwaka huohuo Kimobwa akavunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kule Helsinki. Kulikuwa na makocha wa vyuo vingine waliolalamika kwamba watu wazima wa kigeni wanawanyang'anya vijana wa Marekani nafasi, na kanuni za umri zikaja kukazwa baadaye. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi yote. Ila sijapata kumsikia mmoja wao akimkataa mwanafunzi wa kigeni aliyekwisha kuwa kwake.

Na sasa baba mkwe. Huyu naomba umjibu kwa adabu, kwa sababu alichosema kina uzito.

Rono alizaliwa Nandi Hills mwaka 1952. Alikuwa bingwa wa mbio za nyika za vyuo mara tatu, 1976, 1977 na 1979. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia akiwa mwanafunzi wa Pullman: tarehe 8 Aprili mita 5,000 huko Berkeley kwa 13:08.4, tarehe 13 Mei mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko Seattle, mji wa mahasimu, kwa 8:05.4, tarehe 11 Juni mita 10,000 huko Vienna, na tarehe 27 Juni mita 3,000 huko Oslo. Hakuna mtu kabla yake wala baada yake aliyezishika hizo nne kwa mpigo. Ile ya viunzi ilidumu miaka 11, na aliyekuja kuivunja kwa sehemu ndogo kabisa ya sekunde ni Peter Koech, naye wa Washington State.

Olimpiki hakuikimbia hata moja. Mwaka 1976 Kenya na nchi nyingi za Afrika ziligoma kwa sababu New Zealand, iliyopeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu, iliruhusiwa kushiriki. Mwaka 1980 Kenya ikasusia michezo ya Moscow kwa sababu ya Wasovieti kuingia Afghanistan. Moscow pekee iliyobaki kumkaribisha ni ile ya Idaho, kilomita 13 kutoka bwenini kwake. Baadaye pombe ilimshika, fedha zikapotea, na bingwa yule akaja kufanya kazi za mikono, za kuosha magari na kubeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege. Mwenyewe alilisema hadharani, hakulificha. Alirudi Kenya uzeeni akafariki Februari 2024, siku tatu baada ya kutimiza miaka 72.

Je, walichukua miguu yake wakamwacha? Mimi nadhani waliomwacha ni wengi, na chuo ni mmoja wao tu. Mwanariadha wa enzi ile alitakiwa awe wa ridhaa, yaani asiyelipwa. Fedha za mashindano ya Ulaya zilipita chini ya meza, bila mhasibu wala mshauri. Nchi yake ilimnyima Olimpiki mara mbili. Chuo kilimpa kitanda na karo, kikapata jina duniani. Hapakuwa na mtu aliyekuwa na kazi ya kumuuliza, "Henry, unalala? Unakula? Unakunywa kiasi gani?" Baba mkwe ana haki ya kukasirika. Anapokosea ni kudhani kwamba barabara ile ina mwisho mmoja.

Kwa sababu kuna mtu wa hapohapo kwenu. Bernard Lagat alizaliwa Kapsabet, akaanza masomo Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kisha mwaka 1996 akaenda Pullman. Alikimbia, akasoma, akamaliza shahada yake katika mambo ya mifumo ya habari. Alipata shaba ya Olimpiki ya mita 1,500 mwaka 2000, fedha mwaka 2004, mwaka huohuo akachukua uraia wa Marekani, na mwaka 2007 kule Osaka akawa bingwa wa dunia wa mita 1,500 na 5,000. Alikuwa bado kwenye fainali ya Olimpiki mwaka 2016 akiwa na miaka 41. Na Julius Korir, wa Pullman pia, alirudi na dhahabu ya viunzi kutoka Los Angeles mwaka 1984. Chuo ni kilekile, ngano ni ileile. Nyakati zilikuwa tofauti, na sitakudanganya kwamba ni tabia tu iliyowatofautisha. Lakini Lagat aliondoka na karatasi ambayo misuli ikichanika haichaniki nayo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza kijana wako liwe hili: je, angetaka kusoma Pullman kama asingeweza kukimbia tena? Aseme somo gani. Akikosa jibu, bado hajawa tayari, na hilo si kosa.

Nakwambia hivyo pia kwa sababu mambo kule yanatikisika. Mwaka 2023 ligi yao ya miaka mingi ilivunjika, na kufikia 2024 vyuo kumi kati ya kumi na viwili, pamoja na mahasimu wa Seattle, vilihamia ligi zenye fedha zaidi. Wakabaki Washington State na Oregon State, wakaenda mahakamani wakashinda haki ya kusimamia mali iliyoachwa, lakini mapato ya televisheni hayakurudi vile. Juni 2025 chuo kikatangaza kuacha mitupo na miruko, kupunguza sana mbio fupi, na kuelekeza nguvu kwenye mbio ndefu. Kwa mkimbiaji wa 5,000 hiyo inasikika kama habari njema. Nami naisoma kwa jicho la pili: kijana wa tufe naye aliahidiwa. Mwezi uleule mahakama iliruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Kijana wako asiweke hesabu hapo, kwani viza ya mwanafunzi inabana sana kazi na malipo, na kosa dogo linaweza kumrudisha nyumbani.

Njia nyingine zipo na zina heshima. Anaweza kusoma hapa na kukimbia, kama Lagat alivyoanza. Anaweza kujiunga na polisi, magereza au jeshi, ambako wakimbiaji hupewa mshahara na muda wa mazoezi. Anaweza kuingia mbio za barabarani za kulipwa, ila huko ukikosa miaka miwili hakuna anayekuuliza jina. Tena ajue hizi njia hazichanganyiki ovyo: akisaini na meneja au akipokea zawadi za fedha zinazozidi gharama zake, mlango wa vyuo vya Marekani unaweza kufungwa. Na kanuni humpa muda mfupi tu baada ya sekondari kabla miaka anayoruhusiwa kukimbilia chuo haijaanza kukatwa. Asikae mwaka mzima akisubiri simu.

Kuhusu binti yako, mpe habari hii. Mwaka 1979 wanamichezo wa kike wa Washington State, pamoja na makocha wao, walikishtaki chuo kwa kuwanyima fedha, vifaa na nafasi walizopewa wanaume. Chuo kilisema mpira wa Kimarekani usihesabiwe, una mambo yake. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema utahesabiwa kama mchezo mwingine wowote. Wasichana wengi wanaosomeshwa na mbio leo katika jimbo lile wanasimama juu ya kesi ile. Kwa ajili ya binti yako, nakipenda chuo hiki zaidi kwa sababu kilishtakiwa na wanafunzi wake, kikashindwa.

Barua haitoshi kwa kila kitu. Mpango ukianza kuwa wa kweli, nendeni wawili, wewe na yeye, kwa washauri wa EducationUSA katika ubalozi wa Marekani Nairobi. Huduma yao ni bure. Ofa ikija kwa maandishi, mpe mwanasheria aisome kabla ya saini, na mumwulize kocha wa Pullman mbele ya kijana: ni asilimia ngapi ya gharama zote, kwa miaka mingapi, akiumia itakuwaje, na kocha mwenyewe akihama itakuwaje. Kocha mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Mtu wa hapa akikuomba fedha ya "kufungua faili", au akitaka saini leo hiihii, ondokeni hapo na mripoti. Kijana hujiandikisha mwenyewe mtandaoni na vyeti vyake vya KCSE. Na kama kijana ameanza kunywa, hata kidogo, hata kwa marafiki, zungumzeni na daktari au mshauri kabla ya safari. Sisemi hivyo kwa kumshuku. Nasema kwa sababu ya Rono.

Baridi ni ya kweli. Theluji huanza Novemba, na asubuhi za Januari bomba la maji linaganda ukilisahau. Asinunue koti huku, makoti yetu hayaijui baridi ile. Abebe sweta mbili na fedha ya koti, akanunue hukohuko. Msimfungie mursik kwenye sanduku, maziwa yatamkwamisha forodhani. Jibini la mkebe atalikuta. Kibuyu kiwekeni tayari kwa siku ya kumpokea.